Kombe la Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliitwa Dokta kabla hajamaliza kuota meno. Mimi niliitwa Fundi. Majina hayo alitupa Baba siku moja tu, kwenye baraza lake la mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, alipokuwa akishonea kanzu na sare za shule. Cherehani ilikuwa imegoma. Mdogo wangu, msichana kama mimi, ambaye bado alikuwa anavaa ndara ya kushoto mguu wa kulia, akaenda akaweka sikio kwenye cherehani, akasikiliza, akasema, "Baba, inaumwa." Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoifungua akakuta kweli mkanda umekatika nusu. "Huyu dokta huyu!" akawaambia wateja. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na shati la mtu, nimemaliza kutia kifungo changu cha kwanza bila kukipindisha. Nikalinyanyua lile shati juu ili na mimi nionwe. Baba akatazama, akasema, "Na huyu fundi." Wakacheka tena. Ndivyo tulivyogawiwa dunia, na hata laasiri ilikuwa haijaadhiniwa.

Sitamung'unya maneno: nilimwonea wivu mdogo wangu tangu siku ile, na sijaacha. Watu wa kwetu hawapendi kukiri wivu. Mtu atakwambia "mimi namtakia kheri tu" huku kope zinamcheza. Mimi nakiri. Mama alikuwa na khanga iliyoandikwa Mwenye wivu ajinyonge, akiifua anaianika usawa wa dirisha letu, na mimi nilikuwa naisoma nikiamini kabisa kwamba aliinunua kwa ajili yangu.

Baba hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke mapema, maana nitamsema sana. Yeye mwenyewe alifaulu darasa la saba, akachaguliwa kwenda sekondari, na babu akamwambia kwamba nyumba ina cherehani mbili na mtu mmoja. Yakaishia hapo. Sisi ni watu wa mjini, wazee wetu walifika Tabora na misafara, wenzao wakaendelea na safari, wao wakabaki na sindano. Fundi, mtoto wa fundi, mjukuu wa fundi. Baba akajiapiza kwamba katika watoto wake mmoja lazima atoke. Mmoja. Nadhani haikumpitia kichwani kwamba wanaweza kutoka wawili, kwa sababu cherehani nayo lazima ipate mtu.

Kwa hiyo Dokta alianzishwa shule mapema, maana, alisema Baba, "ana safari ndefu." Mimi niliyemzidi mwaka na nusu nikajikuta darasa moja na mtoto niliyekuwa nikimfuta kamasi. Mwalimu mmoja, chaki ileile, dawati lilelile. Tukirudi nyumbani ndipo njia zinapoachana. Yeye anawekewa stuli karibu na Baba mbele ya wateja. "Haya Dokta, leo mmesoma nini?" Mimi nakabidhiwa bakuli la vifungo.

Kuna siku alitoka wa tatu badala ya wa kwanza. Baba alimpigisha magoti palepale barazani, na wateja wanatazama. "Wa tatu! Hao wawili waliokutangulia wanakula nini ambacho wewe huli?" Mtoto analia, kamasi zinamtiririka. Mama mmoja wa Ulyankulu aliyekuwa amefuata sare za wanawe akamwombea, "Mzee, msamehe mtoto, tafadhali." Na mimi? Mimi siku hiyo nilikuwa wa thelathini na moja. Nilikuwa nimesimama na ripoti yangu mkononi, nimejiandaa kupiga magoti. Nilikuwa nimeshalivuta gauni lifunike magoti ili sakafu isiniumize. Baba akaipokea ripoti, hakuisoma, akaigeuza nyuma, akaona ni nyeupe na karatasi yake ni ngumu. "Hii itanifaa," akasema. Akachukua mkasi, akaikata paterni ya kola ya kanzu.

Wallahi niliyatamani yale magoti. Mtu akikwambia hakuna mtoto anayetamani adhabu, mlete aje anione. Nilikaa na bakuli langu la vifungo nikamtazama mwenzangu anavyogombezwa, nikasema moyoni, anagombezwa kwa sababu ana thamani.

Kuanzia hapo nikaanza kusoma kwa chuki. Kila siku baada ya magharibi Baba alikuwa anachukua kitabu cha Dokta na kumuuliza maswali, kidole chake kikiwa juu ya jibu ili asipotee. "Haya, kazi za ini ni zipi?" Dokta anataja moja, anataja mbili, ya tatu inakwama. Mimi huku kwenye vifungo ninazo zote, nazisema bila kufungua mdomo. Siku moja, tukiwa darasa la saba, jibu likanitoka. "Kuhifadhi sukari!" nikasema kwa sauti. Baba akageuka. Akaniambia, "Fundi, angalia sindano usijichome." Kisha akamrudia mwenzangu: "Enhe, kuhifadhi sukari. Sema." Dokta akasema. "Mashaallah!" Na chai ya maziwa akaletewa. Loo! Jibu langu, chai yake.

Tulifaulu wote wawili kwenda sekondari ya kutwa. Dokta alichinjiwa jogoo. Mimi Baba aliniambia, "Nenda tu, cherehani itakungoja." Nikala paja la jogoo wa mwenzangu, na lilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Huko sekondari masomo yakawa ya Kiingereza ambacho Baba hakukijua hata neno, lakini hakuacha. Alimwamuru Dokta asome kwa sauti, naye akitikisa kichwa kwa makini mithili ya mtu anayesikiliza hotuba ya Ijumaa. Akisita tu, "Mbona umesita? Hapo hujaelewa. Rudia." Na mimi nikishona pindo la gauni la mtu nasikiliza, nayahifadhi, narudia.

Lazima niseme kuhusu Dokta mwenyewe, kwa sababu katika hadithi hii yeye hajanikosea lolote. Alikuwa mpole. Hakuwahi kunidharau hata siku moja. Tukiwa wawili alinisogelea na daftari, "Dada, nielekeze hii hesabu, usimwambie Baba." Nikamwelekeza, na kwa raha ya siri, maana kwa dakika kumi mimi ndiye niliyekuwa juu. Alikuwa na tabia ya kuchubua ngozi ya kidole gumba pembeni ya ukucha mpaka damu inatoka. Kadiri mitihani ilivyokaribia, kidole kilizidi kuharibika. Nilikiona. Sikujali. Nilidhani hata kidonda kile ni cha watu wanaotegemewa.

Ukafika mwezi wa mtihani wa kidato cha nne. Baba akaenda kwa maalim wa mtaani kwetu kumwandikishia Dokta kombe. Kwa asiyejua: maalim huandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, akayafuta maandishi yale kwa marashi na maji, akatia kwenye chupa. Mwenye haja hunywa asubuhi kabla hajala, kwa bismillahi na kwa nia. Siku hizi wapo vijana watakaokwambia hayo ni bidaa. Ugomvi huo siuingii. Kwetu sisi mtoto hakuwa anaingia chumba cha mtihani mkubwa bila kombe, na maalim aliandika akitaja jina la mtoto na la mama yake ili kheri isipotee njia.

Baba akarudi na chupa moja. Nikamsubiri atoe ya pili mfukoni. Hakutoa.

"Baba, na langu?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, wallahi, bila ubaya hata chembe. "Lako la nini, mwanangu? Wewe una kazi mkononi tayari." Akanipapasa kichwa. Angenitukana ningelala vizuri. Alinipapasa kichwa! Mtihani ni mmoja, siku ni moja, chumba kimoja, na baba yangu alikuwa amesahau kwamba na mimi naufanya.

Ile chupa ikawekwa juu ya kabati, ianze kunywewa Jumamosi. Ijumaa mchana Baba alikuwa msikitini, Mama ameenda sokoni, Dokta anaoga uani. Nikapanda juu ya sanduku. Nilisema nitaonja tu. Nikapiga funda moja: marashi, na uchungu kidogo nyuma yake. Hakuna kilichotokea, wala mbingu haikuanguka. Basi hasira zikanipanda. Nikasema, kwani mimi sikuzaliwa na mama huyohuyo? Kama jina la mama limetajwa, na mimi si nimo? Nikanywa. Nikanywa mpaka chupa ikabaki chini ya nusu. Ndipo akili zikanirudia.

Nikaijaza maji ya mtungini. Rangi ikapauka, hata kipofu angeona. Nikakimbilia jikoni, nikachota manjano ya Mama kwa ncha ya kijiko, nikatikisa chupa, nikairudisha. Usisafirie nyota ya mwenzio, ndivyo wanavyosema. Mimi niliipanda nyota ya mwenzangu na mizigo yangu yote.

Jumamosi asubuhi Dokta akanywa kikombe chake mbele ya Baba. Akakunja uso. "Baba, mbona linanuka mchuzi?"

"Astaghfirullah! Maneno ya Mungu yananuka mchuzi? Kunywa."

Akanywa. Kule jikoni Mama anauliza, "Nani kagusa manjano yangu?" Mimi nilikuwa chooni, na nilikaa huko muda mrefu.

Kwenye chumba cha mtihani nilikaa nyuma yake, safu ya pembeni, namwona vizuri. Karatasi ya baiolojia ilipogawiwa aliifungua, akaifunga, akaifungua tena. Akaandika namba yake. Kisha kalamu ikasimama. Nikaona mkono wa kushoto unakitafuta kile kidole. Mimi nilikuwa naandika. Nilikuwa na miaka ya majibu ambayo hakuna aliyeniuliza, sasa karatasi ilikuwa inaniuliza swali moja baada ya jingine, na mimi najibu mpaka mkono ukaniuma. Kila nikinyanyua kichwa, kalamu ya mwenzangu imesimama. Unataka kujua nilihisi nini? Raha. Nilihisi raha, Mungu anisamehe. Hofu ilikuja baadaye, tulipotoka nje na yeye akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, wewe uliandika kitu?"

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa shule. Baba alikuja kwa baiskeli, amevaa kanzu ya Idi na siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Akaanza kusoma kutoka juu, kwa kidole, daraja la kwanza. Jina la Dokta halimo. Akashuka daraja la pili. Kidole kikapita juu ya jina langu bila kusimama, nimesimama pale namwona, kikaendelea kushuka. La tatu. La nne. Akalikuta chini kabisa kwenye sifuri. Akarudi juu akaanza upya. Mwishowe akamuuliza mwalimu mmoja aliyekuwa anapita kama orodha hii imekamilika, au kuna nyingine inakuja.

Nyumbani aliwaambia watu kwamba Dokta amepata ajali. Ndilo neno alilolitumia, ajali. "Na Fundi naye bahati imemwangukia, Mungu mkubwa." Basi mimi nikawa mtu wa bahati. Miaka kumi na moja ya kusikiliza nikitia vifungo, ikaitwa bahati, na kurasa nyeupe za mwenzangu zikaitwa ajali. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira mpaka Mama akaja kuuliza nani amekufa.

Lakini ajali lazima iwe na dereva, na Baba akampata. Akaenda kwa maalim akamwambia kwamba zafarani yake ni ya kughushi. Maalim akaapa kwa Mungu mmoja. Baba hakumsikia. Akahama msikiti, akawa anavuka mitaa miwili kwenda kuswali ili asimwone. Yule mzee wa watu alikuwa akipita barazani kwetu anatoa salamu, na Baba anaitikia kwa nusu ya mdomo, macho kwenye sindano. Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka maalim akafariki. Baba alikwenda mazikoni akasimama mbali, nyuma ya watu wote. Na mimi nilijua. Nilikuwa najua wakati wote huo, nimenyamaza, na ulimi wangu ni mzima.

Baba alitaka Dokta arudie mtihani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Dokta akamkatalia. "Baba, mimi sina kichwa. Niache nishone." Akaketi kwenye cherehani, mpaka leo hajainuka. Jina halikumtoka. Watu wa Ng'ambo wanakwambia, "Peleka kwa Dokta akakupunguzie suruali." Na ana mkono, jamani! Tarizi anayoitia kwenye shingo ya kanzu, Baba mwenyewe katika ujana wake hakuifikia. Kwa hiyo hata ule ufundi niliopewa mimi, akaja akanishinda. Mpewa hapokonyeki.

Mimi nikaenda kidato cha tano, nikaenda chuo kikuu Dar. Kila nilikofika nilikuwa nasoma nikimwona Baba ananitazama, na Baba wala hakuwa anatazama. Nilirudi nyumbani na shahada, joho nimelikunja vizuri kwenye begi ili nimvalie. Akafurahi, kweli alifurahi, akaniombea dua ndefu. Kisha akasema, "Hongera sana, Fundi. Sasa, ule uzi wa zari niliouagiza kwa ajili ya mwenzio umekuja nao?" Nilikuwa nimekuja nao. Joho sikulitoa.

Leo nafundisha hesabu sekondari, hapahapa mjini, mwaka wa kumi na nne huu. Wazazi wanakuja ofisini kwangu na matumaini yao mkononi. Nimeona watoto wanaotwishwa matumaini wakakimbia nayo, na nimeona wanaoketi chini yake wakichubua vidole. Wa aina yangu huwa hawana mzazi anayekuja. Hao nawapenda na nawahurumia, lakini nawaogopa kidogo pia, maana najua wanachoweza kumfanyia mwenzao.

Mwaka huu, Jumamosi moja, nilikwenda kumwamkia Baba nikiwa na matobolwa, viazi vitamu vikavu anavyovipenda. Macho yake yamepungua nuru, siku hizi anakaa kwenye kitanda cha kamba barazani akisikiliza cherehani. Dokta alikuwa anashona. "Shikamoo Baba." "Marahaba, Fundi. Watoto hawajambo?" "Hawajambo." Mwanangu wa kwanza yuko darasa la saba, na babu yake hajawahi kuniuliza anasoma shule gani. Lakini binti wa Dokta anaingia kidato cha nne mwakani, na hilo Baba alikuwa nalo mdomoni tayari.

"Kwa ajili ya huyu mjukuu wangu nimesikia kuna maalim mmoja huko Ziba, anasifiwa," akasema. "Nitaagiza aandikiwe kombe. Na chupa nitaishika mwenyewe mpaka dakika ya mwisho. Kombe la mama yake, yule maalim marehemu alilichezea, Mungu amlipe alichostahili."

Sijui kilichonisukuma ni ule wivu tena, wa mjukuu na mjukuu, au ni yule marehemu kulaaniwa kaburini kwa kosa langu. Vyote viwili, nadhani. Nikasema, "Baba, usimlaani marehemu. Kombe la Dokta nililinywa mimi."

Cherehani ikasimama.

"Ulikunywa nini?"

Nikamweleza. Ijumaa, sanduku, maji ya mtungi, manjano. Nilieleza yote, sikubakiza. Nilipomaliza nikakaa sawasawa nikingoja. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimeitamani hasira ya baba yangu tangu nina miaka saba, na sasa, nikasema, leo nimeistahili, leo nitaipata.

Baba akainua mikono juu. "Allahu akbar," akasema. "Allahu akbar! Dokta! Umesikia? Hukufeli, mwanangu. Ulinyweshwa mchuzi!" Akaanza kucheka, machozi yanamtoka, anapiga goti lake kwa kiganja. "Nilijua mimi! Nilisema mtoto huyu hana kasoro, watu wakaniona mwendawazimu. Kumbe! Kumbe ndiyo maana Fundi alifaulu!"

Eh. Hapo damu ikanichemka. Sikubali! Miaka kumi na nne nafundisha, sijawahi kuona zafarani ikitafuta thamani ya eksi. Nilisoma mimi. Nilisoma kwa masikio, kwa chuki, na sindano mkononi, na lile daraja la pili lilikuwa langu, ndicho kitu pekee katika nyumba ile kilichokuwa changu tangu mwanzo hadi mwisho. Nikafungua mdomo. "Baba, mimi nilifaulu kwa sababu..."

Nikamwona mdogo wangu. Alikuwa amesimama, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, mkono mmoja umekishika kidole gumba cha mwingine. Hakuwa anamtazama Baba. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kwa hiyo, Dada, haikuwa kichwa changu?"

Nimeulizwa maswali mengi darasani, hili ndilo nililolijibu kwa shida kuliko yote. Nikisema kombe halifaulishi mtu, ninabaki na daraja langu mikononi, na yeye anarudi kukaa na lile neno lake, sina kichwa, alilokaa nalo tangu alipokuwa msichana.

"Haikuwa kichwa chako," nikamwambia. "Kichwa chako hakina tatizo lolote."

Na huo ni ukweli mtupu, ningeweza kuuapia. Baba akadhani nakubaliana naye kuhusu kombe. Nikamwacha adhani.

Dokta akaketi chini kwenye sakafu, akalia. Kisha katikati ya kilio akaanza kucheka. "Si nilisema linanuka mchuzi? Si nilisema mimi?" Akanipiga kibao cha bega, na si cha mchezo. "Una roho mbaya, Dada!"

"Ninayo," nikasema.

Baba akajifuta macho. "Yule mzee nilimdhulumu," akasema taratibu. "Mtanipeleka kaburini kwake nikamwombe radhi." Tukasema tutampeleka. Akavuta pumzi, na nikaona mgongo wake unanyooka pale kitandani, namna ulivyokuwa unanyooka zamani akifungua kitabu.

"Dokta atarudia mtihani," akasema. "Mwakani. Watafanya mama na mwana."

"Baba, nina miaka thelathini na sita!"

"Na mimi nina sabini na kitu, na bado nangoja." Akageuza uso wake upande wangu, macho yale yasiyoona vizuri yananitafuta mpaka yakanipata. "Wewe Fundi, utamfundisha. Kila siku ukitoka kazini upite hapa, sitaki visingizio vya mume wala vya watoto. Na safari hii akifeli simuulizi yeye. Nitakuuliza wewe. Umenisikia?"

Dokta alinitazama kwa hofu, labda akidhani nitakasirika kubebeshwa mzigo wake. Angejua! Maisha yangu yote nilingoja baba yangu aniulize kitu, na siku alipokuja kuniuliza, ameniuliza kwa ajili ya mwenzangu. Nilimwonea wivu palepale, na machozi yake hayajakauka.

"Nimekusikia, Baba," nikasema. Nikamwambia mdogo wangu alete daftari.